Waliohudhuria Kikao cha Ukoo

Siku ya kuanua tanga la mama tulikuwa saba: baba mkubwa, aliyeongoza kikao, baba mdogo, aliyefanywa katibu kwa kuwa mwandiko wake unasomeka, shangazi, aliyetoka Itigi, mjomba, kaka wa mama, aliyekaa karibu na mlango kama mgeni, na sisi watoto watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la tano. Kitinda mimba, wa kiume, alikuwa hajaanza shule. Baba alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Kwetu, upande wa Mgori, kikao cha ukoo kikianza watoto huhesabiwa kuwa wapo, lakini wapo jikoni.

Siku mbili kabla, shangazi alinikuta napepeta mtama akaniuliza tunataka nini. Nilimwambia tunataka kubaki pamoja kwenye nyumba ya mama. Shamba la alizeti nalijua, na shule nilikuwa tayari kuiacha ili wadogo zangu wasome. Alinishika mkono akanijibu kwa Kinyaturu kwamba mimi ni damu ya kaka yake, na maneno yangu atayafikisha mwenyewe.

Mdogo wangu alitaka kusema kwa mdomo wake. Alikuwa kwenye baraza la watoto shuleni, na huko walifundishwa kwamba mtoto ana haki ya kusikilizwa kwenye jambo linalomhusu, na kwamba nchi yetu ilisaini mkataba wa mataifa kuhusu hilo. Aliutaja huo mkataba kama mtu anayetaja ndugu yake mwenye cheo. Nilimwambia atulie, shangazi atatusemea. Niliogopa tusije tukaonekana tumekosa adabu, mama hata wiki mbili hajamaliza kaburini.

Tulipika, tukapakua. Tulikuwa tunaosha vyombo tulipoitwa ndani. Baba mdogo alikuwa na karatasi yenye kichwa kimoja tu, Mahudhurio.

"Saini hapa, mama," aliniambia. "Wewe ndiye mkubwa, wasainie na wadogo zako."

Karatasi ya mahudhurio kwetu husainiwa kila mahali, kwenye kikundi, kwenye mkutano wa kijiji. Niliandika majina yetu nikasaini mara tatu. Sikuuliza itabandikwa nyuma ya maneno gani.

Ndipo mdogo wangu akanyoosha kidole. Baba mkubwa alimtazama, akauliza kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Wakubwa walicheka, hata mjomba. Mdogo wangu hakushusha mkono. Niliushusha mimi.

"Watoto nimeshaongea nao," shangazi alisema, macho yakiwa kwenye kitenge chake. "Wameridhia."

Nilisubiri aendelee. Baba mkubwa akatangaza: wa kike aende Itigi kwa shangazi, wa kiume aende kwake yeye baba mkubwa, mimi nibaki kulinda nyumba. Baada ya muda nikasikia kwamba mdogo wangu anakaanga maandazi ya shangazi kila asubuhi, na shuleni anafika wenzake wakiwa mapumziko.

Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Alitafuta jaladani muhtasari wa kikao ulioletwa na ukoo, akanisomea kwamba watoto waliulizwa mmoja mmoja wakakubali kwa hiari.

"Hizi saini ni za nani?"

"Zangu."

"Zote tatu?"

"Zote tatu, baba."

Alivua miwani. Alisema sheria yetu na ule mkataba vyote vinataka mtoto asikilizwe, na kwa karatasi hii ninyi mlisikilizwa.

Niliendelea kwenda, kwa miguu, mpaka mlinzi wa ofisi akawa ananiuliza habari za mashamba. Baba mdogo alisema aliandika alichoambiwa. Shangazi alisema nilimwelewa vibaya. Mjomba peke yake ndiye aliyekubali kueleza kwamba hatukuulizwa. Na mimi nikaeleza ya kwangu, pamoja na mkono nilioushusha. Mwishowe afisa alifunga safari hadi Itigi, akaongea na mdogo wangu bila shangazi kuwepo. Alizeti zilikuwa zimevunwa mara mbili wadogo zangu wote wawili walipokuwa wamerudi nyumbani.

Shangazi bado huja kututembelea. Tunamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, tunampa kiti. Hajawahi kuitaja siku ile.

Mdogo wangu sasa yuko sekondari. Anaongea na wenzake, anacheka nao, lakini nikimuuliza jambo linalomhusu yeye, hata nguo ipi achukue, hunijibu, "Amua wewe, dada." Alichotaka kusema mbele ya wakubwa mpaka leo sikijui. Nimewahi kuanza kumuuliza, tukiwa shambani, akanikatiza kuniambia jembe langu limelegea mpini. Nikaligongea. Radhi sijamwomba. Shangazi ananidai heshima na ninampa. Mdogo wangu hanidai kitu, na yeye ndiye ambaye bado sijamlipa.