Tisa Kabla ya Sumaku

Darasani kwetu mwalimu akiuliza "Mmeona?" hujibiwa na wote kwa pamoja: "Tumeona!" Hata aliyezibwa na mgongo wa mwenzake huwa ameona. Mimi nimeshaona mambo mengi namna hiyo.

Siku ya kupima athari ya Hall sikutaka kuona kwa mtindo huo. Vifaa tuliviazima kutoka shule moja ya Mikumi, na mchana huohuo gari lingekuja kuvichukua. Nisipoona leo, nitaona wapi tena? Fizikia ndilo somo ninalolipenda, ingawa sijawahi kumwambia mtu.

Mwalimu alipitisha umeme kwenye kipande chembamba, kidogo kama ukucha. Akaeleza kwamba sumaku ikisogezwa karibu, chaji zinazopita husukumwa upande mmoja, na mita itaonyesha volti ndogo kati ya kingo mbili. Akaisogeza. Mita ikasoma milivolti kumi na nne.

"Mmeona?"

"Tumeona!"

Mdomo wangu ulishafunguka, nikaufunga. Kabla ya sumaku mita ilikuwa inasoma tisa. Wenzangu walikuwa wanapiga soga. Mimi nisiyejua kupiga soga nilikuwa naitazama mita.

"Samahani, mwalimu. Mimi sijaona."

Jirani yangu, binti wa wafugaji asiyejua kunyamaza, akanigeukia. "Heh! Leo bubu kasema! Mvua itanyesha Kilosa nzima."

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Hujaona nini?"

"Volti ilikuwepo hata kabla ya sumaku." Sauti ilinitoka kama ya kitoto cha mbuzi.

Akaiondoa sumaku. Tisa. Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha akainamia kile kipande.

"Nyaya hizi mbili za pembeni hazijatazamana sawasawa. Hiyo tisa inatokea hapo. Njoo, geuza sumaku wewe."

Nikaigeuza, upande wa chini ukawa juu, nikaisogeza. Nne. Safari hii sumaku ilipunguza badala ya kuongeza. Kumi na nne toa nne, gawa kwa mbili: tano. Hiyo ndiyo ya sumaku. Ni ndogo kuliko ile tuliyoishangilia, lakini hii nilijua imetoka wapi.

Nikabaki nimeishika, nikiwaza ni mangapi tumeitikia bila kuyaangalia.

"Shosti, umeolewa na hiyo sumaku?" jirani yangu akasema, mkono ameshaunyoosha. "Lete na mimi nigeuze."

Nyuma yake foleni ilishaanza.