Maji Meusi Chumbani mwa Mzazi

Tasnim hakupenda kuitwa fundi na mtu ambaye hajaiona kazi yake. "Niache kwanza nifanye," alikuwa akisema, "jina utanipa nikimaliza." Na Multan nzima, mji ule wa Pakistani, angalau ile Multan ya vichochoro vya nyuma ya soko la vitambaa, ilimjua: mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mnene wa mabega, anayeshuka kwenye bajaji na ngazi iliyochungulia nje kama shingo ya ngamia, ndoo mbili mkononi na mtandio umefungwa nyuma ya kichwa ili usimwangukie usoni. Alikuwa akiosha viyoyozi. Si kutengeneza, kuosha. Tofauti hiyo aliieleza kila siku, na kila siku kulikuwa na mtu asiyeielewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mumewe. Shabbir ndiye aliyekuwa fundi, Tasnim akimshikia ngazi na kumpa bisibisi. Halafu Shabbir akaanguka kutoka juu ya paa la watu, mgongo ukamharibika, na tangu siku hiyo anatembea na mkongojo na kukaa barazani na simu. Watu walidhani nyumba hiyo imekwisha. Haikwisha. Tasnim alichukua ngazi akaenda mwenyewe kwenye nyumba ya kwanza, na huko mlangoni akaulizwa na sauti ya kike kutoka ndani, "Nani? Mume wangu yuko Dammam, mwanamume haingii humu."

"Na mimi ni mwanamume?" akajibu. Mlango ukafunguliwa.

Hapo ndipo alipoielewa bahati yake. Katika mji ule nyumba nyingi mchana hazina mwanamume, na nyingine hazina mwaka mzima, waume na wana wako Arabuni. Fundi wa kiume lazima angoje Ijumaa, siku ambayo kuna kaka au shemeji wa kumwingiza chumbani, na Ijumaa kila mtu anamtaka huyo huyo fundi. Tasnim aliingia siku yoyote. Mafundi wa sokoni walimcheka, wakasema anaosha mashine kama sufuria.

"Naosha kama sufuria, ndiyo," aliwajibu mbele ya watu. "Nyinyi mnaitazama kama picha ya ukutani. Ipi inapoa?"

Jioni alirudi, akaoga, akanywa chai ya maziwa na Shabbir, wakasengenya mafundi wa sokoni mpaka wakalala. Hakuwa akitamani maisha ya mtu mwingine.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, joto limefika nyuzi arobaini na sita na kunguru wanatembea kwa miguu kivulini, Shabbir alipokea simu akaishika mbali na sikio.

"Ni Bi Sughra wa kichochoro cha wapaka rangi," akasema. "Anapiga kelele. Mjukuu wake ana siku kumi na moja, ngozi yote imejaa vipele vya joto, usiku wa tatu halali, na sasa anakataa ziwa. Kiyoyozi chao kinapuliza moto."

"Gesi," akasema Tasnim kwa mzaha, maana kiyoyozi kikikosa ubaridi kila mtu alisema gesi imekwisha.

"Ndivyo anavyosema na yeye. Anasema uende ukahakikishe kwamba ni gesi, ili amwite fundi wa gesi."

"Mwambie nakuja. Hayo ya gesi usimjibu."

Alifika saa mbili na nusu. Umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatwa saa tano kamili na kurudi saa saba, kwa hiyo alikuwa na saa mbili na nusu, na kila mtu nyumbani alijua hivyo.

Bi Sughra alikuwa mwembamba, ana miaka sabini na macho ya polisi. Alimpokea uani. "Umechelewa."

"Nimepigiwa simu saa mbili, bi mkubwa. Ningekuja lini, jana?"

"Ulimi unao. Tuone kama na mikono unayo."

Chumba kilikuwa kimefungwa madirisha yote, pazia zito mlangoni. Kitandani alikaa Mahnur, mkaza mwana, msichana wa miaka ishirini na mbili, uso umemvimba kwa kukosa usingizi, mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mwekundu shingoni na kwapani, analia kile kilio kikavu cha mtoto aliyechoka kulia. Mahnur alikuwa akimpepea kwa kifuniko cha boksi la viatu. Juu ya ukuta kiyoyozi kilinguruma kama kinafanya kazi, na chini yake kilitoka kijihewa cha uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe.

Tasnim akapandisha mkono, akaunusa upepo, akakunja uso. "Hii ya ndani iliwahi kuoshwa lini?"

"Hiyo?" Bi Sughra akashangaa. "Kila mwaka fundi anakuja. Anapanda paani kwa ngazi ya nje, anaosha ile kubwa, anatia gesi. Miaka sita sasa."

"Na humu ndani?"

"Humu ni chumba cha wanawake! Fundi wa kwanza aliomba kuingia, nikamwambia mgonjwa wako yuko juu ya paa, mtibu huko huko."

Tasnim akamtazama. "Kwa hiyo mtu anakohoa, bi mkubwa, na miaka sita mnampaka dawa nyayoni."

Kitandani Mahnur akacheka kidogo, kisha akajifanya anamtazama mtoto.

"Usinichekeshee mkaza mwana ndani ya nyumba yangu," akasema Bi Sughra, lakini hakusema tena gesi kwa muda. "Haya, osha basi. Itakuchukua dakika ngapi?"

"Saa moja na nusu. Ila mama na mtoto watoke, nitamwaga maji."

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Bi Sughra alisimama katikati ya mlango akapanua mikono kama anazuia mbuzi. "Mzazi havuki kizingiti kabla ya arobaini. Leo ni siku ya kumi na moja. Nimezaa sita, nimezalisha wakaza wana wanne, hakuna aliyevuka. Huyu hatavuka kwa sababu ya mashine."

Mwingine angebishana. Tasnim na yeye alikuwa amekaa arobaini mara mbili, mama mkwe wake akilala kwa kuuzuia mlango na kitanda, na alijua kwamba hapo hapabishaniwi. Akageuka akakitazama chumba. Kilikuwa kirefu.

"Asivuke," akasema. "Ataondoka hapa aende pale. Pale bado ni ndani?"

Bi Sughra akapima kwa macho. "Pale ni ndani."

Wakasukuma kitanda mpaka kona ya mbali. Tasnim akaomba shuka mbili, akazitundika kwenye kamba kutoka msumari hadi msumari, Mahnur na mtoto wakawa nyuma ya shuka kama bi harusi. Bi Sughra akaweka kigoda mbele ya shuka, akakaa, akavua kandambili moja akaishika mkononi. "Tone moja la maji baridi likimgusa mzazi," akasema, "hii itakugusa wewe."

"Nimekusikia."

Akazima swichi kubwa, akapanda ngazi, akafungua kifuniko. Machujio yalitoka yamevaa manyoya kama paka. Akafunga kwa nailoni ile sehemu ya nyaya, akaivalisha mashine mfuko wake, ule mfuko mpana kama sketi ambao mkia wake unaingia kwenye ndoo, akapuliza povu la sabuni kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya ndani, akangoja, akaanza kusukuma maji kwa pampu ya mkono. Maji yakateremka mkiani meusi tii. Bi Sughra akainuka kwenye kigoda chake, akachungulia ndoo, akarudi kukaa. Ndoo ya pili ikawa ya kijivu. Ya tatu ikatoka safi.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Tasnim akafuta, akarudisha machujio na kifuniko, akawasha.

Upepo ulitoka zaidi ya mwanzo. Lakini ulikuwa wa ubaridi mdogo tu, na ndani ya mashine kitu kilikuwa kinagonga taratibu, du, du, du, na chumba kikajaa harufu ya kitu kilichoungua. Nyuma ya shuka mtoto akaanza tena.

"Nilisema mimi!" Bi Sughra akapiga paja. "Gesi! Watu wanaacha mafundi wanaume, wanaleta wanawake wa kuosha vyombo. Mahnur, nipe simu."

"Mama, mngoje kidogo," sauti ikatoka nyuma ya shuka. "Sasa angalau kuna upepo."

"Upepo anao hata punda."

Tasnim akaisikiliza ile du, du. Na yeye alikuwa ameingiwa na shaka. Huenda kweli ni gesi, alijiambia, huenda safari hii hawa wajinga wa sokoni wamepatia, na mtoto yule atakaa mpaka Ijumaa katika tanuri hili. Akazima, akapanda tena, akatia vidole viwili ndani kabisa, kule kwenye gurudumu linalosukuma upepo, ambako maji ya sabuni yalipita juu juu. Vidole vikatoka na gundi ya kahawia. Akaisugua. Haikuwa vumbi. Akainusa, akaijua hapo hapo.

Akashuka. Akachuchumaa mbele ya kigoda, akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Bi mkubwa. Hapa mnafukiza harmali mara ngapi?"

Zile mbegu nyeusi za kufukuza jicho baya zilikuwa kwenye kisahani chini ya kitanda, na chetezo kando yake bado kina majivu.

"Asubuhi na jioni. Kwa kila mjukuu. Huyu ni wa tano kuzaliwa katika chumba hiki."

"Mlango umefungwa?"

"Sasa nifungue moshi utoke? Ukitoka utamlinda nani?"

"Na mashine inawaka?"

Bi Sughra akaitazama mashine. Halafu akauliza polepole, "Unataka kusema nini?"

"Nasema mashine hii inavuta pumzi kama mtu. Miaka sita imevuta moshi wako na mafuta ya haradali mnayomkandia mtoto, vimegandana humo ndani kama masizi ya sufuria ya kuni, gurudumu limelemewa, halisukumi ubaridi, linagonga tu. Sabuni yangu haivitoi. Nataka maji ya moto, na sabuni ya vyombo."

"Unanifundisha dini mimi?"

"Hii si dini, bi mkubwa. Ni moshi." Akaona uso wa mzee unakaza, akaongeza haraka, "Jicho baya linaingia wapi? Mlangoni. Kafukize mlangoni, mashine ikiwa imezimwa. Mlinzi hakai kitandani na bwana mwenye nyumba, anakaa getini."

Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Mtoto alilia, akakatiza, akalia. Bi Sughra alimsikiliza mjukuu wake kwa muda ambao Tasnim aliuona mrefu kama Ramadhani. Kisha akavaa kandambili yake.

"Maji ya moto yako jikoni," akasema. "Nayaleta mwenyewe, nyinyi mtayamwaga."

Safari hii Tasnim hakutumia pampu peke yake. Alilivua gurudumu zima, akalilaza kwenye beseni uani, Bi Sughra akawa anamwagia maji ya moto, yeye akisugua pezi baada ya pezi kwa mswaki. Maji yakatoka kahawia, yenye mafuta, yananuka arobaini tano kwa pamoja.

"Hiyo ya juu juu ni ya huyu," Bi Sughra akasema, akiyatazama. "Hiyo ya chini kabisa ni ya Hamza, mjukuu wa kwanza. Yule kwa kulia!" Na akacheka, meno yote nje, mara ya kwanza asubuhi ile.

"Sugua na wewe basi, mkono wangu umechoka."

"Nikulipe na nisugue?" Lakini akachukua mswaki.

Saa tano kasoro dakika kumi na nane gurudumu lilirudi mahali pake. Tasnim akawasha. Hakukuwa na kugonga. Upepo ulitoka kimya, ukapita juu ya vichwa vyao, ukazipiga shuka mpaka zikajaa, na ulikuwa wa baridi, baridi ya kweli ya kuinua vinyweleo mkononi. Tasnim akageuza vile vibao vya upepo vitazame darini, usimwangukie mzazi, kabla hajaambiwa. Nyuma ya shuka kilio kikapungua, kikawa kuguna, halafu ikasikika ile sauti ndogo ya kumeza, tena na tena, bila kupumzika.

"Ananyonya," akasema Mahnur. "Dada, ananyonya."

Bi Sughra akapanga shuka vizuri, ingawa zilikuwa zimepangika.

Saa tano umeme ukakatika kama kawaida, lakini chumba kilichofungwa kilikuwa kimeshapoa, na safari hii kule kufunga madirisha kuliwafaa. Tasnim hakuondoka. Alikuwa na desturi ya kungoja asikie mashine imeamka yenyewe. Akaletewa mkate wa tanuri, karela chungu za kukaanga na lasi, mtindi uliokorogwa kwa maji na chumvi, akala sakafuni akiwa amenyoosha miguu. Mtoto alilala saa mbili mfululizo, na mama yake akalala naye, mdomo wazi.

Saa saba umeme ukarudi na mashine ikaamka bila kelele. Tasnim alipokuwa akikunja mfuko wake, Bi Sughra aliingia akiburuta kitanda chake cha kamba, akakiweka chini kabisa ya kiyoyozi.

"Si ulisema upepo wa baridi unadhuru?" akauliza Tasnim.

"Unamdhuru mzazi. Mimi nilizaa zamani."

Jirani, Bi Khalida, akaita kutoka ng'ambo ya ukuta wa uani, "Sughra! Mbona kimya huko, mtoto mzima?"

"Mzima, analala!" Bi Sughra akapaza sauti bila kuinuka. "Kiyoyozi kilikuwa kichafu tu. Nilimwambia huyu mwanamke tangu alipoingia, hii si gesi, ni uchafu!"

Tasnim akamtazama Mahnur, ambaye alikuwa amefungua jicho moja. Mahnur akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Basi mwambie aje na kwangu kesho!" akaita Bi Khalida.

Tasnim akabeba ngazi begani na ndoo mbili mkononi. "Saa mbili!" akajibu akipita uani. "Na huyo fundi wako wa gesi mwambie apumzike."