Punje Kumi Kwenye Kopo la Dakta

Niliwahi kunyimwa mke kwa sababu ya punje kumi za mahindi.

Sikuziiba. Nilizidondosha tu kwenye kopo tupu, kwa mkono wangu mwenyewe, huku natabasamu.

Ilikuwa Ushirombo, mwaka 1972. Mimi Donatus nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba. Mchana napima pamba, jioni niko kwenye masomo ya watu wazima, najifunza Kiingereza na hesabu. Mfukoni nilikuwa na kalamu mbili, na zote zilikuwa zinaandika.

Nilichokosa ni sauti.

Sauti alikuwa nayo Pantaleo, katekista. Akiimba misa ya Jumapili, Nyamizi, binti niliyemtaka, alikuwa anafumba macho. Mimi nilikuwa simtazami padre, namtazama Nyamizi anavyofumba macho. Nilikuwa namwombea Pantaleo mafua yasiyopona.

Sote wawili tulikuwa tumetuma washenga kwa Baba Nyamizi. Mzee alikuwa hajajibu.

Ndipo akaja Dakta.

Alikuwa mgeni kutoka chuo kikuu cha ng'ambo, mrefu, kofia daima mkononi. Alizunguka nchi na nchi akipima imani za watu: nani anayo nyingi, nani kidogo. Alinichukua niwe mkalimani wake.

Moyo wangu ukaruka. Kumbe jambo hili nalo lina mizani. Sasa Nyamizi ataona nani mzito.

"Tusiseme Mungu," Dakta aliniambia. "Hapa kuna Wakristo, Waislamu, na wanaotambikia mababu. Tutafute swali litakalowafaa wote."

Tukalipata: Wasioonekana wako karibu nawe kiasi gani? Wakiwa mbali kabisa, usiweke punje kwenye kopo. Wakiwa karibu sana, weka kumi.

Kila mtu angepewa punje kumi za mahindi, aingie peke yake kwenye darasa letu la jioni na kufunga mlango, ili iwe siri.

Siri gani. Kopo lilikuwa la bati. Sisi wa nje tulinyamaza tu na kuhesabu. Ta. Ta. Ta.

Asubuhi ilikuwa zamu ya wanaume. Nikaanza mimi, kama mfano. Nilidondosha zote kumi bila haraka, kila moja ipate nafasi yake ya kusikika.

Nilipotoka, wazee walinitazama kwa namna ambayo hawakuwahi kunitazama. Nikajua ni heshima.

Sabiti, mwenye duka, aliingia na punje zake akatoka nazo. Akawamwagia kuku.

"Hilo analihesabu Mwenyewe aliye juu," akasema. "Mwambie mgeni wako aje dukani nimpimie sukari."

Kisha akaingia Pantaleo. Tukatega masikio.

Kimya.

Akatoka anapangusa mikono. Katekista mzima, sifuri. Nilisikia utamu mpaka kwenye magoti.

"Vipi, bwana katekista," nikamwambia mbele za watu. "Mbingu zimekuhama?"

"Swali limeuliza wasioonekana," akajibu kwa ile sauti yake. "Wangu wamelala salama, Donatus. Pole na wako."

Ile pole sikuielewa mpaka Baba Nyamizi aliponiita pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "marehemu wa kwenu wanakudai nini?"

"Sijakuelewa, baba."

"Umedondosha kumi. Sisi hapa marehemu akikusogelea, ana njaa au ana hasira. Ndipo mtoto anaugua, ng'ombe anatupa mimba. Tunatambika ili watulie, wakae kwao. Aliyeshiba ana haja gani na mlango wako? Wewe wamekujaa mpaka kwenye kopo. Nimpeleke binti yangu humo?"

"Mimi nilimaanisha Mungu, baba. Na malaika."

"Swali umelitoa kwa mdomo wako, nasi tumelisikia. Mwambie mshenga wako apumzike."

Nikaenda kusimama nyuma ya darasa kama gunia la pamba iliyolowa. Pantaleo alikuwa anapiga mluzi upande wa pili. Hata mluzi wake ulikuwa mzuri.

Nyamizi akapita na ndoo kichwani.

"Nimesikia," akasema.

"Basi nenda ukaimbiwe." Nilisema kwa wivu.

Alinitazama kama mtu anayekadiria uzito wa mzigo kabla ya kujitwika.

"Donatus, una kalamu mbili na akili nusu. Zamu ya wanawake ni saa ngapi?"

Alasiri Nyamizi akaingia. Baba yake alikuwa kwenye kigoda. Mama yake Pantaleo, Scolastika, alikuwa ametandika kanga karibu na mlango, amekuja kusikiliza utulivu wa mkwewe mtarajiwa.

Ta.

Ta.

Tukadhani ataishia hapo. Hakuishia. Alikwenda mpaka kumi, kisha akalitikisa kopo.

Scolastika akakunja kanga yake. "Mwanangu haoi kelele hizo," akasema, akaondoka bila kuaga.

Hapakupita siku nyingi, Baba Nyamizi akaniita.

"Nani mwingine atamchukua?" akasema kwa uchovu. "Wako wana kelele, wake wana kelele. Mbuzi mmoja wa tambiko atatosha kutuliza pande zote mbili."

Ndivyo nilivyooa.

Dakta aliondoka akiamini kwamba Ushirombo nzima hakuna wenye imani kama Donatus na Nyamizi, na kwamba katekista hana hata chembe. Nilijaribu kumweleza. Akasema namba ni namba.

Mnaosoma hapa mngedhani wivu wangu uliishia kanisani siku ya ndoa.

Kila alfajiri mke wangu hutoka na kikombe cha uji. Humwaga kidogo pembeni ya mlango, rozari ikiwa shingoni, midomo inacheza. Anaongea na mtu. Akirudi ndani, uso wake ni ule ule wa kufumba macho.

Niliwahi kusimama nyuma ya mlango kusikiliza. Sikuambulia neno. Mwishoni nikamuuliza.

"Mama Tabu, siku ile uliweka kumi kwa ajili yangu. Ungejibu kweli, ungeweka ngapi?"

Alisuuza kikombe, akakifunika.

"Baba Tabu," akasema, "wewe pima pamba."

Basi ndugu zangu, kabla hujapima roho ya mtu, muulize kwanza kama kwao ukaribu ni neema au ni balaa. Halafu ukishajua, acha kupima. Mimi nimelala kitanda kimoja na mtu huyu tangu enzi hizo, na ndani yake kuna chumba ambamo sijawahi kukaribishwa.

Pantaleo nilishamsamehe. Huyo anayeongea naye alfajiri, bado namwonea wivu.