Mama aliyezika taka uani, nami nikamshuku anafunga mvua (Dodoma, wakati wa Mjerumani)

Wakuu, mbukwenyi, ndiyo salamu yetu Wagogo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo naleta langu, na sitapunguza kitu, hata pale ninapoonekana mjinga. Mtakaosema ni chai, semeni tu, nimeshazoea kusemwa.

Miaka ile reli ilikuwa imetufikia juzijuzi. Mji ukajaa watu, watu wakajaza mji taka.

Bwana mkubwa wa boma akatoa amri. Kila Jumamosi asubuhi kila nyumba itoe taka zake barabarani, mkokoteni wa punda upite kuzoa, zikatupwe korongoni nje ya mji. Asiyetoa anapelekwa kwa akida.

Upande wa Kikuyu, mtaa wetu hapo Dodoma, nikapewa mimi kusimamia.

Najua mnacheka. Lakini nilipewa kofia na fimbo, na kwa mara ya kwanza maishani watu wazima wakawa wananiamkia kabla sijawaamkia.

Kazi yenyewe ilikuwa kupekua malundo kwa fimbo, kuona kama watu wametoa kweli au wamerundika mchanga tu kudanganya. Ukipekua taka za watu miezi kadhaa unawajua kuliko ndugu zao. Nilijua nani kachinja akamficha shemeji nyama. Nilijua nani anapika pombe na kuapa kwamba ameacha.

Nikaharibika, wakuu. Nikawa mtu wa kushuku kila kitu. Mke wangu alilalamika kwamba hata ugali wake naugeuzageuza kwanza kabla ya kula, na ilikuwa kweli.

Sasa mtaani kwangu alikuwepo Bi Zaina. Mjane, Mrangi wa milima ya Kondoa, alikuwa anawauzia uji vibarua wa reli. Hana ugomvi na mtu.

Kila Jumamosi mbele ya nyumba yake peupe. Pamefagiwa. Hakuna hata ganda la boga.

Mtu anapika uji kutwa, majivu yanakwenda wapi?

Wiki ya kwanza nikasema amesahau. Ya pili nikasema anaumwa. Ya tatu nikaacha kumtafutia sababu, nikaanza kumvizia.

Ua wake ulikuwa wa miiba, una matundu. Nikamwona anafunua majani makavu, chini kuna shimo. Anatia majivu, maganda, samadi. Kisha, na hapa ndipo niliposhtuka, anamwagia maji juu yake na kufunika tena.

Ngoja niwaeleze msio wa kwetu.

Sisi Wagogo samadi tunaiacha zizini. Zizi likihama, tunalima pale lilipokuwa. Majivu yanakaa jaani mbele ya nyumba, kila mtu anayaona. Hakuna wa kuyachukua akayazika kwa siri. Na maji, kiangazi, Ugogo hii? Maji yanayotoka mbali kichwani mwa mtu, unayamwagaje ardhini?

Halafu mwaka ule mvua ilichelewa. Mawingu yanakuja, yanasimama, yanaondoka. Watu walikuwa wameanza kutazamana vibaya.

Nikamwambia jirani yangu Madeje nilichokiona. Madeje akauliza kama shimo linafunikwa kila mara. Nikasema kila mara. Akasema basi mvua yetu imo humo.

Nilitamani acheke, hakucheka. Ila nisiwadanganye, nilifurahi pia. Mimi ndiye niliyegundua.

Siku mbili baadaye akida alikuja alfajiri na askari wawili na mtaa mzima nyuma yao. Bi Zaina alikuwa anakoroga uji. Akaambiwa asimame kando.

Wakachimba. Jembe la tatu, mvuke ukatoka.

Wakuu, mvuke mzito, kama chungu kimefunuliwa. Ardhi ilikuwa ya moto. Askari mmoja aliruka nyuma. Wanawake wakapiga kelele, mtu akasema, "Mvua hiyo, inatoka hiyo."

Bi Zaina akawa anaeleza. Kwamba ni mbolea. Kwamba kwao milimani udongo umechoka, kila nyumba ina shimo kama hilo, linachemka lenyewe likioza. Kwamba maji aliyokuwa anamwaga ni ya kuoshea vyungu. Alidhani amri ni barabara iwe safi, na mbele yake pasafi.

Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilichutama nikashika ule udongo. Mweusi, una vipande vya maganda, mbegu, mfupa wa kuku. Nilikuwa nimepekua taka miezi yote ile. Ni mimi peke yangu pale niliyejua kwa hakika ninachokiangalia, na zilikuwa taka tu.

Akida akaniuliza mbele ya watu, "Msimamizi, ni nini hiki?"

Watu wote wananitazama. Madeje ananitazama. Nimevaa kofia.

Nikasema, "Sijui, bwana. Kwetu hakuna kitu kama hiki."

Basi. Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza mengine. Akida akaamuru shimo limwagwe, uani kote, na mama arudi kwao kabla ya jua kuzama kesho yake. Nyumba aliyoijenga yeye na marehemu mumewe.

Asubuhi yake nikamfuata njia ya Kondoa. Nilimkuta kapumzika, vyungu vyake viwili kwenye kapu. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu. Nikaanza kuzungukazunguka na maneno, kazi ni kazi, amri ni amri.

Akanikatisha. "Mwanangu, miezi yote hii ulikuwa unapita mlangoni kwangu na fimbo yako. Mbona hukuniuliza?"

Akajitwika kapu akaenda.

Mvua ilinyesha siku ya tatu.

Ilinyesha hasa, wakuu, korongo likajaa, taka za mji mzima zikaelea. Watu wakaja kwangu kunishukuru, kwamba nimeifungua mvua. Madeje alileta beberu. Nilimla. Ningemkataa ningeulizwa kwa nini.

Kisha ule ua ukaota. Maboga, kunde, mchicha, bila mkono wa mtu, kwenye udongo ule uliomwagwa. Mashamba yetu bado manjano, pale kijani kibichi. Hakuna aliyethubutu kuchuma. Maboga yakaozea juu ya mashina.

Bwana mkubwa alipita na farasi wake, akayaona. Akauliza, akaambiwa ni taka. Mwezi ule ule amri ikabadilika: mkokoteni basi, kila nyumba ichimbe shimo, itie majivu na maganda na samadi, imwagie maji.

Tukakusanywa bomani wasimamizi wote. Bwana mkubwa akauliza kupitia mkalimani wake, katika mji huu yupo anayeijua kazi hii vizuri, awafundishe wenzake?

Akida akatazama chini. Na mimi nikatazama chini.

Akauliza mara ya pili. Bado tu tukanyamaza. Akaandika kitu, akasema basi tutajifunza wenyewe. Hatukujifunza. Mashimo yalinuka, yakajaa nzi, watu wakayafukia.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa. Kushuku siyo dhambi, hata leo nashuku sana. Lakini nilikuwa na mdomo siku zote zile, nikautumia kusema kwa Madeje badala ya kuuliza mlangoni. Na siku ya kusema kweli nikaufunga.

Nilikusudia mara nyingi kwenda Kondoa kumtafuta. Sijaenda.

Wakuu, karibuni mnipige mawe, nimejiandaa. Ila kila atakayenipiga aniambie kwanza: yule jirani unayemtilia shaka, umewahi kumuuliza?