Mwanamke anayehesabu nyasi za Ikolo

Umande bado haujakauka kwenye malisho ya Ikolo, wilayani Kyela, na Tusajigwe Mwaisumo ameshapiga magoti. Ameweka chini fremu ya mbao, pana kama meza ya chakula. Anaachanisha majani yaliyo ndani yake kwa vidole na kuyataja moja moja, huku mwenzake, Marta, akiandika.

"Ukitazama kwa mbali unaona kijani kitupu," anasema. "Lazima uiname ndipo ujue kama ng'ombe wana chakula."

Tusajigwe (38), mjane mwenye watoto watatu, ni kibarua wa utafiti wa mimea ya malisho kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Posho huja msimu wa vipimo tu. Miezi mingine anategemea mpunga wake.

Kila mwaka fremu huwekwa palepale, kwenye vigingi. Mwaka juzi alivikuta vimeng'olewa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba ardhi inapimwa ili iuzwe. Aliyeving'oa alikuwa shemeji yake, Ambilikile, mfugaji na jirani yake.

"Wenzangu kazini waliniambia nimpeleke kwa mtendaji wa kijiji," anakumbuka. "Nikakataa. Huyu ndiye aliyesimamia mazishi ya mume wangu. Nikamwendea nyumbani, nikamwambia, 'Shemeji, utaving'oa tena ukipenda, ila kwanza twende ukaone.'"

Alimpeleka kwenye kipande kidogo kilichozungushiwa miti ili ng'ombe wasiingie. Ndani, nyasi za kila aina zilifika magotini. Nje lilibaki gugu moja gumu, ambalo ng'ombe hulinusa na kuliacha.

"Miaka yote nililaumu mvua," anasema Ambilikile. "Kumbe tumejaza ng'ombe kupita kiasi, na wangu wamo."

Siku hiyohiyo alivirudisha vigingi kwa mkono wake.

Kazi ngumu zaidi ilikuja mwaka huu. Vipimo vilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na baada ya mabishano marefu wanakijiji wakakubaliana kupumzisha nusu ya malisho, upande wa mtoni. Ambilikile alihamishia baadhi ya ng'ombe kwa ndugu zake Bujonde, akauza dume.

"Lile dume nililikuza mwenyewe," anasema. "Nilikubali, lakini sitakudanganya kwamba nilifurahi."

Tusajigwe naye amewafunga nyumbani ng'ombe wake wawili. Akitoka kazini hukata majani, akawabebea kichwani. Kisimani mambo hayajatulia.

"Nikisalimia 'ndaga', wapo wanaogeukia ndoo zao," anasema. "Siwalaumu. Wanaona ni mimi niliyewafungia malisho."

Hata hivyo, hana mpango wa kuacha. Anakusanya mbegu za nyasi zilizosalia ndani ya uzio, anazianika kwenye mkeka, na anataka kuzipanda upande wa mtoni kabla mvua hazijaanza. Ambilikile ameahidi kumlimia kwa plau.

"Miaka hii nimehesabu vinavyopungua," anasema Tusajigwe, akihamisha fremu. "Mwakani nataka nipige magoti nihesabu nilichopanda."