Wiki ya Kufukuza Ndege

Kazi yangu ni kuhesabu watoto wa watu. Nikiwaeleza hivyo majirani zangu wa mtaa wa Kasuku, wanacheka na kusema serikali imekosa la kufanya. Lakini ndiyo kazi yenyewe. Kila mwaka shule zote za jimbo letu hujaza karatasi: wasichana wangapi, wavulana wangapi, walimu, madawati, vyoo. Karatasi hizo huletwa kwetu, ofisi ya elimu ya jimbo, hapa Kindu. Tunazisoma, tunazijumlisha, tunazipeleka juu. Huko juu wanaamua shule ipi ipewe walimu, ipi ijengewe karakana, na ipi ifungwe.

Watu wanadhani namba ni kitu kikavu. Mimi namba hunikasirisha na hunifurahisha, na mwaka ninaotaka kuuzungumzia nusura zinilize mbele ya shefu wangu, mkuu wa ofisi.

Mwaka huo jimbo lilikuwa limeamua jambo la maana. Shule za ufundi zisianzishwe tena mahali penye mheshimiwa mwenye sauti kubwa. Zianzishwe mahali penye watoto wa kutosha na kazi inayowangoja. Ili kujua hizo kazi ziko wapi, nilitumwa kuzunguka maduka na maghala ya Kasuku, nikiuliza wafanyabiashara mafundi wao wanatoka wapi. Mama mmoja aliyetoka Butembo, mji wa mbali, mwenye mashine za kukoboa mpunga, alinijibu bila kuacha kupima mchele wake.

"Fundi wangu anatokaka Butembo. Mashine ikikufa, mupunga inangoja, na mimi nangoja. Vijana wako hapa, wanaangalia tu. Nani aliwafundisha?"

Niliandika. Wengine wengi walinijibu hivyohivyo. Basi mpango ukapangwa: sehemu ya ufundi wa mashine na useremala iwekwe kwenye shule moja ya kijiji cha Tunda, kule Kibombo, katikati ya mashamba ya mpunga. Nilifurahi kana kwamba ni mtoto wangu atakayesoma pale.

Kisha karatasi za mwaka zikafika, na shule ile ya Tunda ikaonekana karibu tupu. Kanuni ilikuwa wazi. Shule yenye watoto wachache haipati karakana, tena inaunganishwa na jirani yake. Jirani wa shule ile yuko mbali. Mtoto mdogo akienda asubuhi na kurudi, siku imekwisha. Tulijua sote kwamba kuunganisha maana yake ni kufunga, na kwamba wadogo wangebaki nyumbani.

Shefu wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa haki, mwenye miwani anayoifuta kila anapotaka mazungumzo yaishe. Aliifuta.

"Namba njo namba, Mama. Hatuwezi kuigeuza."

Nilizichukua karatasi zote nikazitazama tena. Shule zote za vijiji vya mpunga zilikuwa zimeshuka pamoja, mwaka uleule, huku shule za upande wa machimbo hazikuguswa. Nikatazama tarehe za wiki ya kuhesabu watoto. Ilikuwa imepangwa upya na watu wa Kinshasa, na ilikuwa imeangukia palepale mpunga unapotia maziwa, punje zikiwa bado laini. Nilicheka kwa sauti, na katika ofisi yetu watu hawacheki.

"Shefu, watoto wako mu shamba. Wanafukuza ndege."

Yeye ni mtoto wa mjini. Aliuliza, "Ndege gani?"

Ndege gani! Mimi naweza kuwasikia hata sasa. Vita vilipofika Kindu, treni ilisimama, chumvi ikatoweka sokoni, na mama yangu akafunga vitu vyetu kwenye kitenge, tukatembea kufuata reli kuelekea kusini, hadi kwa kaka zake, mbele ya Kibombo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Huko tulilima mpunga, na punje zilipoanza kujaa, mimi na binamu zangu tuliwekwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti linalosimamishwa katikati ya shamba. Kutoka alfajiri hadi jua kuzama tulivuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele. Ndege wale ni wadogo, lakini wakitua kundi zima na wewe umesinzia, wanakula mwaka mzima wa familia. Kwa hiyo katika wiki zile hakuna mtoto anayekwenda shule. Wakati wa vita ilikuwa hivyo, na kabla ya vita pia. Wala si ujinga wa wazazi. Ni njaa wanayoikimbia.

Kijijini pale kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamke mwembamba mwenye hasira za karibu. Mshahara wake ulikuwa umekatika tangu vita vianze, na madawati ya shule yake yalikuwa yamegeuzwa kuni za kupikia chakula cha askari. Angeweza kukaa kwake na kupalilia muhogo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikuwa akizunguka shamba kwa shamba, anasimama chini ya kila dungu, na kutufundisha huku shingo yake imeinuka.

"Nyie munapiga kelele ya bure," alituambia siku ya kwanza. "Pigeni yenye iko na faida. Saba mara nane!"

Tukapiga kelele. Hamsini na sita! Ndege wakaruka. Hesabu zote za kuzidisha nilizijua kwa kuwapigia ndege kelele, na miji mikubwa ya nchi yetu, na herufi, ambazo tulizichora kwa mkaa kwenye mbao za dungu. Jioni sauti zilikuwa zimetukauka, na yake pia. Wazazi walimpa walichokuwa nacho, na mara nyingi hawakuwa nacho. Alikufa kabla sijapata mshahara wangu wa kwanza. Ningemnunulia kitenge kizuri kuliko vyote sokoni, ningempelekea mwenyewe. Sijui namna nyingine ya kusema: yote niliyo nayo nimepewa na mama yangu aliyenivusha vita na mwanamke yule aliyesimama chini ya dungu.

Hayo yote nilimwambia shefu, nikiwa nimesimama, na sauti yangu haikuwa ya ofisini. Alivaa miwani yake. Kisha akasema niende Tunda mpunga ukishavunwa, nihesabu upya, na nitakachokikuta nikiandike kama kilivyo, kikiwa kingi au kichache. Ninamshukuru kwa hilo hadi leo, kwa kuwa angeweza kunifukuza kwa kelele tu.

Nilikwenda kwa pikipiki. Matope yalinifika magotini, na dereva alinilaumu mimi kwa mvua. Nilipoingia uwanja wa shule nilipigwa na butwaa. Habari ilikuwa imenitangulia: mama wa jimbo anakuja kuhesabu, na watoto wakipungua shule inafungwa. Basi kijiji kilikuwa kimejisaidia chenyewe. Madarasa yalifurika. Kulikuwa na vitoto visivyo na kaptura, vikinyonya vidole. Kulikuwa na kijana mwenye masharubu mazuri, ambaye nilikuja kuambiwa alikuwa ameoa mwezi huohuo. Kulikuwa na babu aliyekaa dawati la mbele, mikono imekunjwa, mwanafunzi mwenye nidhamu kuliko wote. Mkuu wa shule alikuwa akitoka jasho kwa furaha.

"Munaona, Mama? Tuko mingi!"

"Direkta, huyu baba iko mwaka wa ngapi?"

Akageuka kumtazama babu. Nilikasirika kweli, kwa sababu niliogopa. Niliwaambia wote, kwa sauti ya dungu: nikipeleka namba hii, huko juu watajua ni ya kupikwa, na hata siku mtakaposema kweli hawatawaamini. Asiye mwanafunzi atoke. Kilichobaki ndicho nitakachoandika. Mkuu wa shule alinitazama kama mtu anayeona paa lake likibebwa na upepo. Wakaanza kutoka, babu wa kwanza, wakicheka na kuona haya, akina mama wakivikokota vitoto vyao. Kila aliyetoka, moyo wangu ulishuka kidogo.

Mwanamke mmoja hakutoka. Alikaa dawati la nyuma, ananyonyesha. Umri wake ulikuwa kama wangu.

"Mama, nawe utoke, tafadhali."

"Mimi sitoki." Hakupandisha sauti. "Sikukuja kusaidia bongo, sikukuja kudanganya. Wakati ya vita nilikuwa mwaka wa pili. Nikaenda kufukuza ndege, na sikurudiaka tena. Hakuna mwenye alikuja kutuita. Kama munahesabu watu wenye wanataka kusoma, munihesabu na mimi."

Vita vilikuwa vilevile, na ndege walewale. Pengine mashamba yetu yalitengana kwa vilima vichache tu. Chini ya dungu lake hakuna aliyesimama. Sikuweza kumtazama muda mrefu, kwa hiyo nikageukia watoto na kuwahesabu, darasa kwa darasa, kila mmoja akiitika. Nilihesabu mara ya pili kwa kuogopa furaha yangu. Walitosha. Walizidi hata, bila babu na bila bwana harusi. Mkuu wa shule alikaa chini sakafuni na kujifunika uso.

Nilirudi kwa yule mwanamke. Nilimwambia ukweli: karatasi yetu ina nafasi ya watu wazima wanaosoma, ukurasa wa mwisho, na karibu shule zote huiacha wazi. Lakini siwezi kumwandika humo, kwa sababu naandika kilichopo, na darasa hilo hapa halipo. Alimhamisha mtoto kwenye titi la pili, akamtazama mkuu wa shule pale sakafuni.

"Basi muianzishe," alisema.

Shule ilibaki. Shefu wangu aliibeba hesabu ile juu mwenyewe, pamoja na barua ya kutaka wiki ya kuhesabu katika jimbo letu iwe baada ya mavuno, na ikakubaliwa. Karakana ya Tunda ina paa sasa, na mama wa Butembo amepokea wanafunzi wa kwanza kuja kuzoea mashine zake. Anawagombeza siku nzima, dalili kwamba amewapenda.

Karatasi za mwaka uliofuata zilipofika, nilifungua ya Tunda kabla ya zote, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Palikuwa na namba. Ilikuwa ndogo. Kompyuta ingeiingiza yenyewe kwenye jumla ya jimbo, lakini niliijumlisha kwa mkono, kwa sababu mmoja wa watu wale nilikuwa namjua: anakaa nyuma, na anasoma huku ananyonyesha.