Mama Mikia, Mlezi wa Taa na Kangaruu wa Mitini

Asubuhi, geti la bustani ya wanyama bado limefungwa, Mama Mikia ananusa vidole vyake. Vinanuka sabuni tu. Anachukua kipande cha kiazi kitamu na kusimama chini ya tawi.

Juu amekaa kangaruu wa mitini, jike la kahawia, mkia unaning'inia. Anamtazama mlezi wake kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Katika mfuko wa tumboni mwa jike huyo kuna mtoto, na siku tatu sasa hakuna aliyemwona.

"Shuka basi, bibie. Leo sijagusa samaki, haki ya nani!"

Samaki mwenyewe ni taa wa tangi la jirani, bapa na mpana kama sinia, mwenye mwiba mkiani. Mikia ya hao wawili ndiyo iliyompa mama huyu jina, na kwa miaka kumi na miwili amewalea bila kuchoka.

Wote wamo hatarini kutoweka. Taa wanamalizwa na nyavu, kangaruu wa mitini wanamalizwa na mashoka. Na wote ni wabahili wa uzazi.

"Ila taa ana nafuu," anasema akicheka. "Mtoto wake anatoka kamili, anaogelea zake. Huyu wa juu anazaa kitu kama harage! Kinatambaa chenyewe mpaka mfukoni, ndipo ulezi unaanza."

Ulezi huo uliwahi kumliza. Zamani alikuwa akimlisha taa kwanza, kisha anamjia kangaruu na harufu ya samaki vidoleni. Jike, ambaye hapatani kabisa na harufu ya samaki, akagoma kushuka, na hakuna aliyeweza kumchungulia. Walipogundua, mtoto alikuwa ameshakufa.

"Alienea kiganjani. Nilimzika mwenyewe, nikalia kama nimefiwa na wa kwangu."

Siku hizi kangaruu hula kwanza. Taa amenuna, akimwona tu mlezi wake anamrushia maji usoni. "Mume wangu alinizoea na harufu yangu. Huyu bibie amekataa katakata."

Hatimaye jike anashuka, kinyumenyume, bila haraka. Anashika kiazi kwa mikono miwili. Mama Mikia anaupanua mfuko kwa kidole kimoja na kuchungulia, pumzi ameibana. Ndani, sikio dogo linatikisika.

"Yupo! Anapumua!" Anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Huyu sitaki hata kumshika. Nataka siku moja nimkute juu kule, peke yake, nimwite na yeye anikatalie."